Ukisikiliza kwa kipokezi cha mtandaoni, kituo umekidaka wewe?

Mawimbi_Kibokoni (mleta uzi)

Assalaam aleikum wana jamvi. Ule mjadala uliotuchoma wiki nzima kwenye kikundi cha WhatsApp nauleta hapa, maana kule maneno yanapita kama maji ya mvua, na mtu akirudi jioni hajui nani kasema nini.

Habari yenyewe ni hii. Kijana mmoja wetu ametuwekea orodha ya nchi 31 alizozisikia kwa miezi miwili, zote kwa mawimbi mafupi. Nyingi zina kadi ya QSL, yaani kituo chenyewe kimemthibitishia kwamba ni kweli aliyasikia matangazo yake. Watu wakampongeza, na mimi nikampongeza. Kisha nikamuuliza antena yake ina urefu gani. Akasema hana antena wala redio. Anafungua kwa simu vile vipokezi vya mtandaoni vilivyoko Ulaya, anachagua masafa, anasikiliza. Na kwenye ripoti zote alizopeleka, pale pa kuandika mahali pa upokezi, ameandika Mombasa, Kenya.

Tangu siku hiyo jambo hili halinitoki kichwani. Sina ugomvi na kijana, na intaneti naitumia kutwa kama nyinyi. Ila naona kuna vitu viwili tofauti, na humu watu wanavipika chungu kimoja.

Kuna kusikiliza matangazo ya kituo kwenye programu ya simu. Ukifungua idhaa ya DW kwa njia hiyo, sauti haikuruka angani kutoka Ujerumani. Imetoka studio ikaingia kwenye nyaya, ikapita chini ya bahari kwa kebo kama SEACOM au TEAMS, zilizotua hapa kwetu Mombasa mwaka 2009, hadi ikafika kwenye mnara wa simu ulio mtaani kwako. Wimbi la redio lililokufikia hapo ni lile la kutoka mnarani hadi mkononi mwako, pengine mita mia tano. Siku moja niliweka redio na simu kwenye meza moja, kituo kimoja. Mlio wa saa kamili ukatoka redioni. Nikatia sukari, nikakoroga chai, nikaweka kijiko chini, ndipo mlio ukatoka kwenye simu. Hiyo ni njia nzuri ya kupata habari, na hakuna anayedai kwamba ni kudaka masafa.

Ugomvi uko kwenye hii ya pili, na hii si nyepesi. Vipokezi kama WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, kilichoko Enschede, Uholanzi, ambayo iko hewani tangu mwaka 2008, ni redio za kweli. Kuna antena ya kweli, na wimbi limesafiri kweli likaifikia. Lakini limefika Enschede.

Niwaeleze kwa nini neno hilo nalishikilia. Nina redio ndogo ya Tecsun na waya wa shaba wa mita 18, kutoka paa letu hadi paa la ami yangu ng'ambo ya kichochoro. Hewa ya chumvi inaula waya huo. Kila baada ya miezi michache kiungo kinageuka kijani, inanibidi nipande na ndimu na msasa nikisugue hadi shaba ing'ae. Mwaka jana, alfajiri moja, nilirudi msikitini kama saa kumi na moja u nusu, jua halijachomoza, nikakaa kwenye masafa ya kilohezi 11780. Kwanza mvumo mtupu, kama bahari ukiisikia ukiwa Ngomeni usiku. Halafu ndani ya mvumo pakawa na kitu chenye mdundo. Gitaa. Likazama. Likarudi. Sauti ya mwanamume, Kireno. Nikazima feni, nikazima taa, nikachomoa chaja ya simu ya mwanangu, na kila nilichokizima kelele ikapungua kidogo. Mwisho nikasikia neno "Amazônia" wazi kabisa.

Ilikuwa Rádio Nacional da Amazônia, mitambo yake iko karibu na Brasília. Kutoka hapo hadi hapa kwetu Kibokoni, Mombasa, ni takriban kilomita 9,600. Wimbi lile lilivuka Atlantiki na bara zima la Afrika, likigonga ionosfia, lile tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi, na kurudi chini mara tatu au zaidi, kwa sababu usiku ulikuwa umetanda njia nzima kutoka kwao hadi kwetu. Kadiri jua lilivyopanda lilififia, na kufika saa kumi na mbili u nusu hapakuwa na kitu. Mchana ule nilifungua kituo kile kile mtandaoni. Sauti safi kabisa. Nilisikiliza dakika mbili nikafunga.

Basi naomba tujadiliane kwa adabu: mtu akidaka kituo kwa kipokezi cha mtandaoni, aandike amekidaka? Na aandike wapi?

---

Barobaro_Bamburi

Shikamoo ami. Kijana mwenyewe ni mimi, afadhali niseme kwa mdomo wangu.

Sikukusudia kudanganya. Fomu iliuliza nilikuwa wapi, nami nilikuwa Bamburi, kitandani. Tunakaa chumba cha kupanga, na mwenye nyumba hataki hata kamba ya nguo ipite uani, sembuse waya. Redio nzuri ya mawimbi mafupi sina uwezo wa kuinunua kwa sasa.

Lakini kazi niliifanya. Nilikesha hadi saa tisa. Nilijifunza ratiba za masafa. Vituo vingine vilikuwa chini ya kelele kiasi kwamba nilirudia nusu saa nzima nikisubiri watamke jina lao. Masikio ni yangu. Na nikuulize ami, kwa heshima: redio yako nayo haikai juu ya paa. Wimbi linagota kwenye waya, kisha waya unalishusha hadi chumbani kwako. Mimi nami nina waya kutoka antenani hadi chumbani. Wangu ni mrefu zaidi tu. Sasa waya ukizidi mita ngapi ndipo usikivu unakuwa si wako?

---

Fundi_Majengo

Hapo kijana amesema neno. Sisi wenyewe mtu akivuta kebo mita 50 kwenda kwenye mnazi nyuma ya shamba tunamwita hodari.

---

Mzee_Morsi

Wanangu, nimesoma mara mbili kabla ya kuandika.

Nilikuwa afisa wa redio melini kwa miaka mingi, enzi za Morsi. Kituo chetu cha pwani hapa kilikuwa Mombasa Radio, alama yake 5ZF. Sote tulikuwa na sikio kwenye kilohezi 500, masafa ya maafa. Ukutani mwa chumba cha redio palikuwa na saa iliyopakwa rangi nyekundu sehemu mbili, dakika ya 15 hadi ya 18 na dakika ya 45 hadi ya 48. Ukiingia wekundu, meli zote zilinyamaza kwenye masafa yale, zikasikiliza. Dakika tatu, mara mbili kwa saa, mchana na usiku, mtu amebana vipokea sauti masikioni asije akapitwa na mlio mdogo wa chombo kinachozama mbali. Baadaye mifumo ya setilaiti ilichukua kazi hiyo, na kufikia Februari 1999 utaratibu mpya ulikuwa umeshika kila mahali.

Kitabu cha redio kilikuwa kama kitabu cha mahakama. Uliandika saa, masafa, ulichokisikia, na meli yako ilikuwa latitudo gani na longitudo gani. Hukuandika nyumbani kwako wala bandari uliyotoka. Na ukisikia meli nyingine ikipeleka mbele wito wa maafa wa chombo kingine, hukuandika kwamba umekisikia chombo kile. Wito wa kupokezana ulikuwa na alama yake, DDD mbele ya SOS, na kwa sauti ulikuwa Mayday Relay. Sababu ni nyepesi: anayetafuta aliyezama anauliza nani amemsikia na alikuwa wapi. Ukisema umemsikia ukiwa Mombasa, na kumbe aliyemsikia ni meli iliyoko karibu na Aden, utampeleka mwokoaji kwenye bahari nyingine.

Masikio ya kijana nayakubali. Kutambua kituo ndani ya kelele ni ufundi, na wengine hawaupati maisha yao yote. Lakini mahali ni mahali pa antena.

---

Mawimbi_Kibokoni

Mzee, Mungu akuweke.

Barobaro, swali lako la waya limenikalisha usiku kucha, na sitalipita. Ni kweli, urefu wa waya haujalishi. Ungeweza kuvuta waya hadi Voi. Lakini ukishakubali kwamba intaneti ni waya wako mrefu, umekubali pia kwamba ncha ya waya huo iko Enschede, na wimbi lilipogota ni pale. Basi iandike Enschede, nami sitakuwa na neno.

Hata wenzetu wa redio ya ridhaa, wanaorusha na kupokea kwa kupenda tu, wamelipitia hili. Kwenye mashindano yao ya dunia ya CQ WW, vitumaji na vipokezi vyote vya kituo lazima viwe ndani ya duara la kipenyo cha mita 500, au ndani ya kiwanja cha mwenye leseni. Mtu anaruhusiwa kukaa nyumbani akaendesha kituo kilicho mbali kwa intaneti, ila mahali pa kituo panahesabiwa pale vilipo vyombo na antena. Hairuhusiwi kurusha kutoka hapa ukasikiliza kwa sikio la bara jingine.

Na fikiria anayeisoma ripoti yako. SINPO unayoiandika, nguvu, muingiliano, kelele, kufifia na ubora wa jumla, kila kimoja 1 hadi 5, ilibuniwa ili fundi wa kituo ajue mtambo wake unafika wapi na katika hali gani. Ukimpelekea 55555 kutoka Mombasa, ataamini antena yake inamulika pwani ya Afrika Mashariki vizuri. Kumbe huku hasikiki kabisa. Kesho akipanga masafa ya kutufikia sisi, amepanga kwa ushahidi wako. Na sisi watu wa pwani tunajua ushahidi ni kitu gani: unashuhudia ulichokiona wewe, na ukikisikia kwa mwingine unamtaja.

---

Bi_Tudor

Habari zenu nyote. Ami, naomba nikubaliane nawe na nikupinge hapo hapo.

Mimi nafundisha fizikia. Naishi ghorofa ya nne, na kila jirani ana taa za LED na chaja za bei rahisi. Ukiwasha redio ya mawimbi mafupi sebuleni kwangu unasikia mngurumo mmoja kutoka mwanzo wa kipimo hadi mwisho. Kwa miaka mitatu vipokezi vya mtandaoni vimekuwa ndiyo redio yangu. Ukividogosha, hujui nimejifunza nini kwavyo.

Chukua mfano wa jirani zetu wa Unguja. Kituo chao kiliwahi kusifika Ulaya kwa kilohezi 11735. Wasikilizaji wa kaskazini walikipata jioni kwa nguvu, taarabu na yote. Sisi hapa, kilomita 240 tu kutoka Mji Mkongwe, mara nyingi tulipata mnong'ono au tulikosa kabisa. Wanafunzi wangu hawakuamini, wakadhani nimekosea ramani. Nikawafungulia kipokezi cha Ulaya kwenye simu moja na redio ya shule kwenye meza. Ulaya muziki, mezani mvumo. Hapo ndipo walipoielewa ionosfia: usiku wimbi la masafa hayo likipanda wima linaitoboa na kwenda zake, likipanda kwa mlazo linarudi ardhini mbali sana huko mbele, na katikati linabaki eneo lililorukwa. Sisi tulikaa kwenye eneo lililorukwa. Somo hilo nisingelifundisha kwa waya wa mita 18, hata ukiusugua ndimu vipi.

Tena naweza kufungua vipokezi vinne vya nchi nne kwa dakika moja na kuona kituo kinavyoondoka mashariki na kuingia magharibi usiku unapotembea. Mwindaji wa vituo wa zamani mwenye redio moja aliliona hili kwa miaka, kwa kubahatisha. Kwa hiyo nakataa neno "si usikilizaji wa kweli". Ni wa kweli. Nakubali kwamba si upokezi wa Mombasa, na kwenye daftari langu kila mstari una jina la mji wa kipokezi. Sikujua kuna watu hawaandiki.

---

Mvuvi_wa_FM

Nachangia kutoka Tanga. Mnahangaika na Brazili, na huku bahari inawapa bure. Kati yetu na Mombasa ni kama kilomita 130, na wimbi la FM kwa kawaida halifiki mbali hivyo kwa redio ya mkononi. Lakini siku za utulivu, hewa ya joto ikilala juu ya hewa baridi ya baharini, wimbi linanaswa katikati na kuteleza juu ya maji. Jioni kama hizo nazipata stesheni za Mombasa kwa redio ndogo ya mawe mawili, matangazo ya biashara na bei za maduka yenu. Asiyekuwa na redio ya mawimbi mafupi aanze na hiyo. Kijana wa Bamburi yuko pwani kabisa, ashuke ufukweni tu na simu yenye redio ya FM na waya wa masikioni.

---

Kongowea_1

Samahani lakini nani anajali? Vituo vyenyewe vinazima. BBC walifunga mitambo ya Ushelisheli Machi 2014, DW wakafunga ya Kigali Machi 2015. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumulika sisi. Mkiendelea kupima antena za watu mtabaki watano, kisha wawili. Huyu kijana ana hamu, mwacheni ahesabu nchi zake.

---

Mawimbi_Kibokoni

Kongowea, kuzimwa kwa Kigali kuliniuma kuliko unavyodhani. Lakini kumbuka Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini. Siku hizo dukani kwetu hata malipo yalikwama, na vipokezi vya mtandaoni havikufunguka kwangu kabisa. Ile Tecsun haikujua kama kuna jambo limetokea. Kwa hiyo antena kwangu si kipimo cha kumpimia mtu. Ni kwamba nataka katika mji huu wawepo watu wanaojua kudaka sauti pasipo kampuni yoyote kati yao na anayesema.

Bi Tudor, mwalimu, umenirekebisha, nami nafuta nilichoandika kwenye kikundi, ule usemi wangu wa "kusikiliza bandia". Nilikosea. Mfano wa Unguja nimeusoma mara tatu. Marehemu baba yangu alikuwa akilalamika kwamba Unguja iko mlangoni na haiingii ndani, na alikufa akidhani redio yake ndiyo mbovu.

Pendekezo langu kwa kikundi: tuwe na safu moja zaidi kwenye daftari la pamoja, *antena iko wapi*. Basi. Hakuna orodha ya mabwana na orodha ya watwana. Mtu atakayetaka kuhesabu nchi zilizofika Mombasa atazihesabu, na atakayetaka kuhesabu zilizofika Enschede au kwingine atazihesabu. Kinachobaki ni zile ripoti zilizokwisha kwenda.

---

Barobaro_Bamburi

Nimeelewa, ami. Lile la fundi kupanga masafa kwa ripoti yangu sikuwahi kulifikiria. Nilidhani kadi ni kama stempu, unaiomba unaipata.

Jana usiku nimeandikia vituo tisa, nikawaeleza kipokezi kilikuwa wapi. Vilivyobaki nitamaliza wiki hii. Wakisema kadi haihesabiki nitaitoa kwenye orodha. Na leo jioni nilishuka ufukweni kama alivyosema ndugu wa Tanga. Nilizunguka FM yote. Pana stesheni moja iliyotaja Pemba, nilisikia dakika nne hivi kisha ikafunikwa na ya hapa. Sijapata jina lake. Kesho narudi.

---

Mzee_Morsi

Andika saa, mwanangu, na upepo ulikuwa wapi. Utanishukuru.

---

Mawimbi_Kibokoni

Barobaro, njoo Kibokoni Jumamosi baada ya alasiri. Nina redio ya zamani inayokula mawe manne, haina onyesho la namba lakini inasikia vizuri. Mpaka upate yako. Bi Tudor, Tecsun uliyoiomba ameshaileta mwanangu? Ukijaribu, teremsha waya wenye gamba nje ya dirisha wakati majirani wamelala, na utafute taa ya ngazini. Mara nyingi kelele ya ghorofa ni taa moja.

---

Bi_Tudor

Ameileta, ahsante. Na ilikuwa kweli taa ya ngazini, ya ghorofa ya tatu. Nilimuomba mlinzi aizime nusu saa.

0248 UTC (kwetu saa kumi na moja na dakika 48 alfajiri). Kilohezi 11780. Kireno, mwanamume anazungumza, kisha gitaa, kisha kufifia kwa muda mrefu. SINPO 24322. Kipokezi: Tecsun ya kuazima. Antena: waya wa mita 12 unaoning'inia dirishani, Tudor, Mombasa.

Nilifungua na kipokezi cha Ulaya kwenye simu ili nihakikishe, nikakifunga kabla hakijaanza kulia. Ami, redio naomba nikae nayo hadi Ijumaa.